SENEMA YA DOLA 200 NA KICHEKO CHA DZALEKA

Wenzetu wa viwanda vya tumbaku vya Kanengo wametuuliza zaidi ya mara moja: kwa nini ukurasa huu wa Kiswahili ni mishahara, mikataba na ajali tu, toleo hadi toleo? Je, mfanyakazi hana macho ya kutazamia starehe? Hoja yao ni ya haki. Mtu aliyeshinda juma zima katika vumbi la tumbaku anastahili kucheka siku ya Jumapili. Basi safari hii twaandika habari za senema. Na kama katikati yake mtakuta tena habari za kazi, msitulaumu sisi. Ilaumuni senema yenyewe, kwani imejaa kazi ya mikono kuliko nyingine yoyote tuliyopata kuiona.

Jina lake ni la Kiingereza, Who Killed Captain Alex?, maana yake Nani Alimwua Kapteni Alex? Ilitengenezwa mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, mjini Kampala, Uganda. Wakaliga si mtaa wa matajiri. Ni mahali pa nyumba zilizobanana, mitaro ya maji machafu na vijia vya matope. Aliyeitengeneza ni Isaac Nabwana, aliyezaliwa hapo hapo mwaka 1973. Kabla ya kushika kamera alikuwa mfyatua tofali, na fedha za tofali ndizo zilizomnunulia kamera. Alipokuwa mtoto hakuingia katika jumba la senema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakirudi wanamsimulia waliyoyaona, naye akayatazama kichwani mwake. Mwaka 2005 alianzisha kampuni akaiita Ramon, jina aliloliunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Siku hizi dunia yaijua zaidi kwa jina la Wakaliwood. Mkewe, Harriet Nakasujja, ni mmoja wa nguzo za kazi hiyo.

Gharama ya senema hiyo husemwa haikuzidi dola 200 za Marekani, na wako wanaotaja hesabu ndogo zaidi. Huko kwa wakubwa wa senema, fedha hizo hazitoshi hata kuwanywesha chai watu wanaoshika taa.

Sasa hadithi yenyewe. Kapteni Alex ni askari hodari aliyetumwa kulivunja genge la majambazi liitwalo Tiger Mafia, ambalo mkubwa wake ni Richard, mtu wa hasira nyingi. Askari wanamkamata ndugu yake Richard. Richard anaapa kulipiza kisasi. Kabla hujamzoea Kapteni, amekwisha kuuawa. Nani kamwua? Ndugu yake marehemu, bingwa wa kungfu, anatokea kumtafuta muuaji. Genge linapata helikopta, na helikopta inaupiga mabomu mji wa Kampala. Jeshi na genge wanakutana, risasi zinamiminika kama mvua ya Januari, watu wanaanguka. Kisha senema inakwisha. Ni saa moja na dakika chache tu. Na Kapteni Alex, nani alimwua? Hukuambiwa, wala hutaambiwa.

Wako watakaosema hii ni senema ya mapigano. Sisi twaiweka jirani na zile za kutisha zenye mzaha ndani yake, kwa sababu ya damu. Damu inaruka ukutani, inaruka nguoni, inaruka mpaka mbele ya kamera. Mtu hupigwa risasi moja akatoa damu ya watu watatu. Hapo ndipo mtazamaji anaposhindwa kuamua afumbe macho au acheke, na mwishowe hucheka.

DAMU YA NG'OMBE

Haya, tuingie kiwandani tuone bidhaa inavyotengenezwa. Bunduki karibu zote ni za vyuma chakavu. Fundi wake mkuu ni Dauda Bisaso, na ukiitazama vizuri ile bunduki kubwa yenye mitutu mingi utaona kuwa ni mabomba yaliyochomelewa kwa ustadi. Hailipuki, haitoi moto, haitoi hata mlio; moto na mlio hutiwa baadaye katika kompyuta. Na kompyuta yenyewe Nabwana aliiunda kwa mikono yake, kwa kuokoteza vipande vya mashine kuukuu. Helikopta nayo haikupata kuruka mahali popote. Nguo ya kijani ya dukani ilitandazwa ukutani, waigizaji wakasimama mbele yake, na mji, moto na helikopta vikachorwa nyuma yao. Mchoro waonekana kuwa ni mchoro. Nyumba za Kampala zinaporomoka kama maboksi ya sabuni.

Damu ina historia yake, na hii tungependa wawakilishi wetu wa usalama kazini waisome mara mbili. Mwanzoni Wakaliga walitumia damu ya ng'ombe, damu kweli kweli. Mwigizaji mmoja akaugua brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaofanya ng'ombe atupe mimba na ambao binadamu humletea homa isiyokwisha na maumivu ya viungo. Baada ya hapo damu ya ng'ombe ikaachwa. Wakachanganya rangi ya chakula na maji, wakatia ndani ya kondomu zile zinazogawiwa bure, wakazifunga kifuani chini ya shati. Ukivutwa uzi, kondomu inapasuka na mtu anakufa vizuri. Tumeona viwanda vyenye mhasibu, meneja na mlinzi wa geti ambavyo havikubadili dawa ya sumu baada ya watu kumi kuugua, na hapa watu wa mtaani wamebadili baada ya mmoja. Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Hao wanaoruka kutoka ukutani na kuanguka chini bila godoro hawana bima ya ajali, na mguu ukivunjika ni wa mwenyewe.

Jambo jingine la kusikitisha: senema hii kwa umbo lake la kwanza haipo tena. Nabwana alipomaliza kuitengeneza aliifuta katika kompyuta, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuwekea kazi iliyofuata. Mfyatua tofali hawezi kuliacha tofali la jana ndani ya kalibu. Nakala iliyobaki ni ile iliyokuwa imekwisha kutiwa maneno ya mchekeshaji, VJ Emmie, na maneno hayo hayawezi tena kutolewa.

SAUTI JUU YA SAUTI

Huyo Emmie anahitaji maelezo. Katika mabanda ya video ya Uganda kuna watu kazi yao ni kusimama na kipaza sauti na kuwaeleza watazamaji kinachoendelea, kutafsiri, kuongeza chumvi, kumtania mwigizaji na hata mtazamaji. Tanzania nako walikuwako. Aliyepata sifa kubwa Dar es Salaam ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye watu walimjua kwa jina la Lufufu, fundi wa kuzitia Kiswahili senema za ng'ambo. Sasa Emmie katika Kapteni Alex hatafsiri tu. Anawashangilia majambazi, anajisifu kwa ajili ya Uganda, anatangaza mapigano kabla hayajaanza, anapiga kelele pale ambapo hapana kitu. Wako wanaokasirika, wakisema anaharibu. Sisi twaona bila yeye senema ingekufa nusu ya njia, maana katikati kuna maongezi marefu ya watu waliosimama tu, na ni ulimi wake unaoyavusha.

Na sisi tulipoiona, hata ulimi wake ulikuwa umepandiwa na mwingine.

Tulikuwa tumekwenda Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kaskazini ya Lilongwe. Wasomaji wengi wanapajua. Zamani za Rais Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, na tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi, ambayo ilikusudiwa kupokea watu wapatao elfu kumi hivi na leo ina zaidi ya 50,000. Wengi ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Tulikwenda kuwaona jamaa tuliokuwa tukiishi nao mitaani Lilongwe mpaka mwaka 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani, mwingine akiuza vipuri. Wote wawili sasa hawana la kufanya la maana, kwani Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake kuhusu kazi za ajira, na masharti hayo ndiyo yanayowabana. Wakasema, "Bwana, tusikae hapa kulia. Twende video."

Banda lenyewe lina kuta za tofali za udongo na paa la mabati, na ndani kuna viti vya tofali vilivyopakwa udongo. Televisheni moja, spika moja kubwa, betri ya jua. Watoto chini, wakubwa nyuma. Senema inasema Kiganda, Emmie anasema Kiingereza, na pembeni ameketi kijana mmoja wa upande wa Fizi, anapunguza sauti ya spika na kusema Kiswahili juu ya wote wawili.

Kijana yule hatutamsahau. Richard alipowafokea wafuasi wake, yeye alimfanya aseme kwamba mshahara ni mwisho wa mwezi, na asiyetaka aache bunduki mezani aende zake. Jambazi alipoanguka, akasema, "Huyo deni lake la duka limekwisha." Helikopta ilipotokea juu ya Kampala, banda zima likanyamaza kungoja, naye akatangaza kwa sauti ya afisa: "Raia wote, pangeni mstari, mgao umefika!" Bomu la kwanza likaanguka. "Mwezi huu tumepunguza kidogo," akasema. Watu walicheka mpaka mtu akaanguka kutoka kwenye kiti. Asiyepata kusimama katika mstari wa mgao, na kuambiwa kwamba umepunguzwa tena, hawezi kuelewa kicheko kile kilitoka wapi.

Ubora wa senema hii tuliuona hapo, na ni ubora unaotokana na umaskini wake. Senema ya mamilioni ya dola haikuachii nafasi ya kutia neno lako, kila pembe imezibwa. Hii imejaa matundu kama chekeche, na watu huingia kwa matundu hayo. Isitoshe, kila kitu ndani yake unaweza kukiona kilivyofanywa. Tulipotoka nje watoto walikuwa wakibishana damu ile ni nini. Mmoja akasema ni nyanya, mwingine akasema ni rangi ya keki, wa tatu akaapa kuwa aliuona uzi. Tukakumbuka mwaka 2017, kule Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu ulipoenea na makundi ya watu wenye hasira yakawaua watu kadhaa wasio na hatia. Katika hofu ile hakuna aliyeuona uzi, wala hapakuwa na mtoto wa kuuliza. Hatusemi senema moja ingewazuia watu wale. Twasema tu kwamba tulifurahi kuwasikia watoto wakibishana juu ya damu na kutafuta imetoka wapi.

KASORO

Kasoro ziko, na si za mabomba na nyuzi. Hizo ni za fedha, nazo tumezisamehe tangu dakika ya kwanza. Kasoro tunayoisema haina gharama kuirekebisha. Katika saa moja ile wanakufa watu wengi sana, na hakuna hata mmoja mwenye mama. Jambazi anaanguka, askari anaanguka, mpita njia anaanguka, na hakuna anayeinama kumtazama. Wanawake nao wamepewa kazi ndogo: kupigiwa kelele, kukimbia, kuzimia. Hadithi inaruka kutoka jambo hadi jambo, na pale ndugu wa Kapteni anapoanza mazoezi yake ya kungfu, ungeweza kutoka, ukanunua muhogo, ukarudi umkute bado anarusha mateke. Sisi tulioishia darasa la nane twajua kuwa hadithi ina mwanzo na mwisho, na hata bibi zetu wasiojua kusoma hawakuthubutu kututia usingizini bila kutuambia fisi alipatikana na nini.

Lakini jambo hilo la mwisho usiokuwapo lilituharibikia, au lilitutengenekea, tulipotoka mlangoni.

Wakati wa mapigano mzee mmoja aliyeketi nyuma yetu aliinuka, akachukua kofia yake, akaondoka bila neno. Hakuna aliyemwuliza. Nje, kando ya mlango, alikuwapo mama mmoja wa Uvira anayeuza maandazi. Kila Jumapili huuza hapo, na haingii ndani. Milio ya risasi ya spika humtosha. Tulipokuwa tukinunua akauliza, "Ile filamu, ni ya nini?" Mwenzetu fundi cherehani akamweleza: kapteni ameuawa, wanamtafuta aliyemwua.

"Walimupata?"

"Hapana, Mama. Imekwisha hawakumpata."

Akahesabu chenji, akatupa. "Basi ile ni ya kweli," akasema.

Hakucheka, wala hakulia. Akamhudumia aliyetufuata.

Ndani ya minibasi ya kurudi Lilongwe tulibishana njia nzima. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba watengenezaji walisahau tu, kwamba katika ule mrundo wa bunduki muuaji aliwaponyoka kama sindano katika majani makavu. Mwingine akasema hapana, huo ndio mzaha wenyewe, kuuliza swali juu ya jalada la senema na kukataa kulijibu. Sisi hatukuweza kuamua, na hata leo hatujaamua. Tunachojua ni kuwa pale Kampala swali lile ni kichekesho, na pale Dzaleka penye watu waliowaacha ndugu zao njiani bila kujua nani aliwapiga, na bila afisa yeyote kuwauliza, ni swali la kawaida kama bei ya unga. Na wafanyakazi hatuko mbali nalo. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika mwenzetu aliyevutwa na mkanda wa mashine katika kiwanda ambacho hatutakitaja. Karatasi tuliyosomewa ilikuwa na tarehe, saa, namba ya mashine na jina la marehemu. Nani aliondoa kinga ya mkanda ule, haikusema.

NANI ALILIPWA

Tungevunja desturi ya ukurasa huu kama tungeacha kuuliza habari za malipo. Waigizaji wa Wakaliga hawapati mshahara. Senema ikiisha kutengenezwa, hunakiliwa katika diski, na waigizaji wenyewe huzichukua na kuziuza nyumba kwa nyumba, na nusu ya fedha za kila diski huwa ya aliyeiuza. Biashara hiyo haina budi kufanywa kwa haraka, katika juma la kwanza hivi, kabla wezi wa nakala hawajajaza soko kwa diski zao.

Mpango huo tumeujadili katika kamati yetu na hatukukubaliana. Wako waliosema ni unyonyaji: mtu aruke ukutani, kisha atembee juani kujitafutia ujira wake mwenyewe! Hoja hiyo ina uzito. Asiyeuza hana kitu, na aliyeumia siku ya kurekodi hawezi kutembea. Lakini waliowahi kuwa matenanti katika mashamba ya tumbaku walisema jambo jingine, nasi twaliona kuwa na uzito zaidi. Tenanti alilima msimu mzima, akampelekea mwenye shamba tumbaku, akaambiwa bei asiyoiona ikiandikwa, akakatwa unga, mbolea na hata blanketi, na mwisho akaambiwa anadaiwa. Utaratibu huo sheria iliufuta mwaka 2021 baada ya kelele za miaka mingi. Mwigizaji wa Wakaliga angalau anajua ameuza diski ngapi, kwa kuwa ameziuza kwa mkono wake, na nusu ni nusu.

Sifa zilipokuja zilitoka mbali. Mwaka 2015 Wakaliga waliomba watu wa dunia wawachangie kwa intaneti dola 160 za kutengenezea senema nyingine, wakachangiwa zaidi ya dola 13,000. Mwaka huo huo waliiweka senema ya Kapteni Alex yote katika intaneti ili kila mtu aitazame bure. Mwaka 2019 senema yao nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha kubwa la Toronto, Kanada.

Kijana wetu wa Fizi hajafika Toronto. Tulimwuliza analipwaje. Akasema mwenye banda humpa soda moja, na siku watu wakijaa, soda na andazi. Mwenye banda tulimkuta, naye akajitetea kwamba betri haijaisha kulipiwa. Inawezekana ni kweli. Lakini tulihesabu waliokuja kwa ajili ya picha na waliokuja kwa ajili ya ulimi wa yule kijana, tukamwonyesha hesabu yetu, naye akaahidi kufikiri.

Tawi letu la Kanengo limepanga kuionyesha senema hii kwa wanachama na jamaa zao Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa nane mchana. Watoto wadogo sana waachwe nyumbani. Kiingilio kitatangazwa na makatibu wa vikundi, na nusu yake itakuwa ya mtafsiri. Kwa kuwa mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, barua ya kumwombea imekwisha pelekwa kunakohusika, na katibu wa tawi ndiye anayeifuatilia. Kama kibali hakitatoka kwa wakati, senema itaonyeshwa vivyo hivyo, na nusu yake atapelekewa siku atakayotutafsiria nyingine.